Pete iliyozama kisima cha Aris

Siku tatu walikiteka kisima cha Aris, upande wa Quba, nje kidogo ya Madina ya wakati huo. Khalifa mwenyewe, Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.), alikuwa nao. Waliyakausha maji, wakapekua tope. Walichokuwa wakikitafuta kingetosha kufichwa na dole gumba: pete ya fedha yenye maneno matatu yaliyochongwa. Hawakuipata, na tangu hapo haijapatikana.

Kisa hiki husimuliwa sana kwenye darsa, na mara nyingi msimulizi huishia hapo hapo kwenye tope, na masikitiko juu yake. Mimi nataka kukisoma kwa jicho la karani. Pete ile ilikuwa na baraka ya kuvaliwa na Mtume Muhammad (s.a.w.), hilo halina mjadala kwa Mwislamu. Lakini pia ilikuwa chombo cha kazi, kama muhuri ulio kwenye droo ya mtendaji wa mtaa. Chombo cha kazi kikipotea kuna maswali ya kuuliza: kilitengenezwa kwa sababu gani, nani alikuwa nacho, kilitoka vipi mkononi mwake, na baada ya hapo kazi ilifanywaje?

Sababu yake inajulikana vizuri. Mwishoni mwa mwaka wa 6 Hijria na kuingia wa 7, yaani 628 Miladia, mapatano ya Hudaibiya yakiwa yameshafungwa na Makuraishi, Mtume alitaka kuwaandikia wafalme wa nje. Hirakli, Kaisari wa Rumi, Kisra wa Uajemi, Muqawqis wa Misri na Najashi wa Uhabeshi ndio wanaotajwa zaidi. Akaambiwa kwamba watu hao hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Basi akafanyiwa pete ya fedha, ikachongwa *Muhammad Rasul Allah*: Muhammad mstari mmoja, Rasul mstari mmoja, Allah mstari mmoja. Anas bin Malik, aliyekuwa kijana akimhudumia Mtume, alipokuja kuisimulia uzeeni alisema ni kama bado anauona weupe wake mkononi.

Tazama ilivyo. Muhuri haukuzaliwa kwa haja ya ndani. Madina walikuwa wakiandikiana na kukubaliana kwa mashahidi na kwa sauti ya mtu inayojulikana. Haja ilikuja pale barua ilipotakiwa kwenda kwa mtu asiyekujua, asiye na njia ya kukuuliza, na mwenye makarani mlangoni wa kuchuja barua. Yeyote aliyewahi kurudishwa dirishani benki kwa kuwa barua yake ya utambulisho ina sahihi ya mwenyekiti lakini haina muhuri wa serikali ya mtaa, anaijua hali hiyo bila kufundishwa. Karani wa Kaisari na karani wa dirisha namba tatu wanasoma kitabu kimoja.

Ilivyofanya kazi ni jambo la kuliona kwa karibu. Barua iliyotakiwa kufungwa ilikunjwa au kuviringishwa, ikazungushiwa uzi, na juu ya fundo la uzi likabandikwa donge dogo la udongo laini, kiasi cha harage. Mwenye pete aliigandamiza pale, akainyanyua. Udongo ukikauka, anayetaka kuifungua barua hana budi kuuvunja. Nyaraka za mafunjo za karne ya kwanza ya Hijria zilizofukuliwa Misri zimekutwa na madonge ya namna hiyo, mengine yakiwa bado yameng'ang'ania nyuzi zake. Huku kwetu baadaye kazi ya udongo ikafanywa na lakiri, ile nta nyekundu ya posta iliyokuwa ikiyeyushwa kwa moto na kudondoshwa kwenye vifurushi vya rejista. Na ili maneno yatoke sawasawa, mchongaji hana budi kuyachonga kinyumenyume. Ukimwona fundi wa mihuri kando ya barabara na kiwembe chake juu ya kipande cha mpira, akiandika jina la kampuni yako kutoka kulia kwenda kushoto kama anayeandika Kiarabu, unaona ufundi ule ule.

Kwa hiyo muhuri ulikuwa na kazi mbili kwa mpigo. Ulisema barua imetoka kwa nani, na ulisema haijafunguliwa njiani. Mhuri wa wino tulionao leo unaifanya ile ya kwanza tu, na watu wengi wameisahau ile ya pili. Tutairudia, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuleta fedheha ya dirham laki moja.

Lugha yetu yenyewe imeibeba picha hiyo ya kufunga. *Muhuri* tumeupata kutoka Kiajemi. Waarabu wanaiita *khatam*, pete na muhuri kwa neno moja, na shina hilo hilo ndilo lililotupa kuhitimu, hitima na hatima. Mtoto anayehitimu Kurani anakuwa amefika pale barua inapopigwa muhuri: hakuna kinachoongezwa tena. Ndiyo maana Mtume anaitwa *Khatam an-Nabiyyin*, muhuri wa manabii.

Kuna masharti ambayo Mtume aliyaweka juu ya pete ile, na kwa uchambuzi wetu ndiyo yenye uzito kuliko umbo lake. Kwanza alikuwa amevaa pete ya dhahabu. Watu wakamwiga, kila mmoja akatafuta yake. Akaivua akaitupa, akasema hataivaa tena, nao wakazitupa zao. Alipochukua ya fedha na kuitia nakshi, safari hii alikataza waziwazi: mtu yeyote asichonge nakshi kama hii. Wanazuoni wameeleza kuwa sababu ni kuzuia mchanganyiko, kwani muhuri ukiwa kwenye vidole viwili si muhuri tena. Pia imepokewa kuwa aliigeuza ile sehemu ya nakshi ielekee kiganjani. Wengi huliona hilo kama unyenyekevu, kutojionyesha, na mimi sina ugomvi nalo. Lakini mtu wa stoo ataona jambo la pili: chapa iliyogeukia kiganjani haikwaruziki ovyo, wala haisomwi na kila anayepita.

Kuhusu sura yake riwaya hazikubaliani zote. Moja inasema pete yote ilikuwa fedha pamoja na kichwa chake. Nyingine inataja kito cha Kihabeshi. Nyingine inasema chuma kilichozungushiwa fedha. Mkono wa kulia au wa kushoto nao umepokewa kwa njia zote mbili. Wengi wamesuluhisha kwa kusema zilikuwepo pete zaidi ya moja, na iliyochongwa kwa barua ilikuwa moja. Ile chapa ya duara inayobandikwa hadi kwenye vioo vya magari, yenye neno Allah juu, Rasul katikati na Muhammad chini, inatokana na nyaraka zinazonasibishwa na zama hizo, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya Muqawqis iliyoko jumba la Topkapi mjini Istanbul. Wataalamu wanabishana kama waraka ule ni wa asili. Hadithi yenyewe inataja mistari mitatu, basi.

Mtume alipofariki mwaka wa 11, pete haikuzikwa naye wala haikubaki kwa warithi wake. Ilikwenda kwa Sayyidna Abubakar, kisha kwa Sayyidna Umar, kisha kwa Sayyidna Uthman. Hapa kuna uamuzi mkubwa ambao watu huupita haraka. Pete ya mtu binafsi, yenye jina lake mwenyewe, iligeuzwa kuwa pete ya cheo. Barua ya Umar kwa gavana wake wa Basra ingeweza kuwa na chapa isiyotaja Umar hata kidogo. Tena hao makhalifa walikuwa na pete zao pia. Ya Umar husimuliwa kuwa iliandikwa kwamba mauti yanamtosha kuwa mwaidhia, maneno ambayo ukiyasikia unamtambua mtu. Pete zao zilikuwa za nafsi zao. Ile ya fedha ilikuwa ya dola.

Njia nyingine za kulifanya jambo hili zipo, na inafaa kutupia jicho moja ili uamuzi wa Madina uonekane vizuri. Kule Vatikani, Papa huvikwa Pete ya Mvuvi, ambayo kwa karne nyingi ilitumika kupiga lakiri kwenye barua zake. Papa akifa, pete haimsubiri mrithi. Inaharibiwa mbele ya makadinali ili pasiwe na barua ya marehemu inayozaliwa baada ya mazishi. Benedikto wa 16 alipojiuzulu mwaka 2013 yake ilikwaruzwa alama ya msalaba juu ya uso wake, na ya Fransisko ilibatilishwa Mei 6, 2025, siku moja kabla ya makadinali kujifungia kumchagua mwingine. Kule muhuri unakufa na mtu. Madina muhuri uliachwa uishi, na faida yake ilikuwa kubwa: mwendelezo. Gharama yake ilikuwa kwamba usalama wote wa barua za dola ulining'inia kwenye kitu kimoja kidogo, kinachovuka mkono hadi mkono.

Sasa twende kisimani. Pete ilipotoka mkononi, ilitoka mkononi mwa nani?

Riwaya ya Anas, iliyoko katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, inasema Uthman aliketi penye kisima cha Aris, akaitoa pete, akawa anaichezea, ikaanguka. Ni picha ya mtu mwenye mawazo, anayezungusha pete kidoleni bila kujua anafanya nini. Lakini Ibn Umar, mtoto wa Sayyidna Umar, katika riwaya iliyoko kwenye mkusanyo wa Muslim, anasema pete ile ndiyo iliyomdondoka Muayqib kisimani Aris. Muayqib hakuwa mpita njia. Alikuwa mtunza pete tangu zama za Mtume, na Umar alimpa kazi ya hazina. Kisha Nasai, mkusanyaji mwingine wa hadithi, anayo ya tatu, nayo kwangu ndiyo ya kusomwa polepole: pete ilikaa kwa Uthman miaka sita ya utawala wake, barua zilipomzidia akampa mtu mmoja katika Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, awe anapiga muhuri kwa niaba yake, mtu huyo akaenda kwenye kisima cha Uthman, pete ikaanguka, ikatafutwa, haikupatikana.

Mikono mitatu, pete moja. Ibn Hajar, mfafanuzi wa Bukhari, amejaribu kuziunganisha: huenda Uthman aliiomba pete kwa Muayqib apige muhuri jambo fulani, akabaki ameishika akiwaza, na ikadondoka katika kupokezana. Inaingia akilini. Kitu kidogo huanguka zaidi wakati wa kukabidhiana kuliko wakati wowote mwingine, muulize yeyote aliyewahi kupokea chenji kwa kondakta gari likiwa linaondoka. Ila mimi sioni haja kubwa ya kuzifanya riwaya tatu ziwe moja. Kutofautiana kwenyewe kuna habari ndani yake. Zama za Mtume hakuna aliyehitaji kuuliza pete iko kwa nani. Hata ilipotunzwa na Muayqib, ilikuwa ni mtunzaji mmoja wa mwenye pete mmoja, ndani ya mji mmoja. Kufikia mwaka wa 30 Hijria, ambao mwanahistoria Tabari ameweka tukio hili, barua zinatoka na kuingia Misri, Sham, miji ya Kufa na Basra, na nchi za Uajemi. Kazi imekuwa ya mikono mingi. Na watu waaminifu, waliokuwa karibu kabisa na tukio, wanasimulia mikono tofauti.

Baadhi ya wanazuoni wa zamani, kama Ibn Hajar anavyowanukuu, walisema pete ile ilikuwa na siri kama pete ya Nabii Suleiman: ilipopotea, mambo ya Uthman yakaanza kuvurugika. Siwabezi. Mtu aliyeishi kuona fitina iliyofuata hakosi kurudi nyuma kutafuta siku ambayo uzi ulikatika. Tena kisima ni kile kile ambacho Abu Musa al-Ashari anasimulia kuwa alimkuta Mtume ameketi kwenye ukingo wake, miguu imening'inia ndani. Abu Musa akawa bawabu wa mlango. Akaja Abubakar akabashiriwa Pepo, akaja Umar akabashiriwa Pepo, akaja Uthman akabashiriwa Pepo pamoja na balaa litakalomfika. Ukingo ule ule, mtu yule yule. Hata mimi ninayetaka kusoma kisa hiki kikarani, hapo kalamu inasita.

Lakini ile sentensi ya Nasai haitaki kuondoka: *barua zilipomzidia*. Hapo ndipo naona kisa kilipoanza, kabla ya pete kufika popote karibu na maji.

Kilichofuata ni cha kawaida kabisa. Uthman aliamuru pete nyingine ifanywe, ichongwe maneno yale yale. Angefanya nini tena? Magavana walikuwa wameizoea chapa ile kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukibadilisha maneno ghafla, kila barua itarudi na maswali. Kwa hiyo ulikuwa uamuzi wa busara. Hata hivyo kuna kitu kilibadilika, na hakikuwa nakshi. Mpaka siku ile pete yenye maneno hayo ilikuwa moja, na kila mtu alijua kuwa ni moja. Sasa fundi wa mjini alikuwa ameshachonga ya pili. Ikishajulikana kuwa ya pili inawezekana, ya tatu inawezekana pia, na anayepokea barua mbali hana la kumjulisha.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 35, jambo hilo lilisimama mlangoni kwa khalifa. Ujumbe kutoka Misri uliokuja kulalamikia utawala ulikuwa umeridhishwa na unarudi kwao. Njiani, kwa mujibu wa Tabari, wakamkuta mpanda ngamia wakamtilia shaka. Wakampekua, wakamkuta na barua kwa gavana wa Misri, Abdullah bin Saad, yenye amri ya kuwaadhibu wao wenyewe, na juu yake muhuri wa Uthman. Ngamia alikuwa wa Uthman. Wakageuza wakarudi Madina.

Uthman aliapa kuwa hakuiandika, hakuiamuru wala hakuijua. Akawaambia walete mashahidi wawili au wapokee kiapo chake, na akasema neno ambalo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko yote katika kisa hiki: mnajua kwamba barua huweza kuandikwa kwa jina la mtu, na muhuri huweza kuchongwa juu ya muhuri. Yaani mwenye muhuri mwenyewe ndiye anayewaeleza watu kwamba muhuri hauthibitishi kitu. Jibu la wapinzani wake lilikuwa kali na, kwa mantiki ya ofisi, gumu kulikwepa: ama umeandika wewe nawe unasema uongo, ama mtu mwingine anatumia muhuri wako bila wewe kujua, na vyote viwili vinakuondoa. Wengi walimshuku Marwan bin al-Hakam, jamaa yake aliyekuwa karibu naye. Mambo haya yamepokewa kwa njia nyingi na ubishi wake haujaisha kati ya Waislamu. Sitajaribu kuumaliza hapa. Lililo wazi ni kwamba hakuna aliyeweza kuichukua ile chapa na kuithibitisha au kuipinga. Nyumba ikazingirwa, na Uthman akauawa humo mwezi wa Mfungotatu mwaka huo wa 35, yaani Juni 656.

Dawa ilikuja kwa njia isiyo na heshima yoyote. Muawiya, akiwa khalifa Damasko, alimwandikia Ziyad, gavana wake wa Iraki, amlipe Amr bin Zubair dirham 100,000. Barua akapewa Amr aipeleke mwenyewe. Njiani akaifungua. Kwa Kiarabu *mia* na *miatain*, mia moja na mia mbili, zinatengana kwa herufi chache tu za mwisho, naye akaziongeza. Ziyad akamhesabia 200,000. Hesabu za Iraki zilipofika Damasko, Muawiya akasema mimi niliandika laki moja.

Hapo ikaanzishwa *diwan al-khatam*, ofisi ya muhuri, yenye watu wake na kazi yake. Barua zikaanza kufungwa kwa uzi kabla ya kupigwa muhuri, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwa likifanywa kwa barua kama ile ya Amr. Muhuri ukatoka kidoleni ukaingia ofisini.

Kisima cha Aris kikaja kuitwa Bir al-Khatam, kisima cha pete. Amr aliwekwa ndani kwa deni la ile laki ya pili mpaka ndugu yake Abdullah alipokwenda kumlipia.